Siku Kumi na Mbili na Mlango wa Bibi

Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika neno hapa si kawaida yangu, na wengine wenu mmenitumia barua pepe kuuliza kama nimefukuzwa kazi au nimeoa. Sijafukuzwa. Kuoa nako, kwa hizi posho za magazeti, tutazungumza siku nyingine. Nilikuwa Tanga. Nilikuwa nakwangua rangi.

Nianze mwanzo. Mwishoni mwa mwezi wa nane mama alinipigia simu kwa ile sauti ya mama mwenye jambo asiyetaka kulisema. Akauliza hali ya kazi, akauliza ninakula nini, akauliza kama bado ninakohoa. Mwisho akatoa: mjomba wangu mkubwa ameitisha kikao cha familia kuhusu nyumba ya Bibi. Anataka ibomolewe, pajengwe fremu nne za maduka, na Bibi ahamie kwake Dar es Salaam. Kikao kitafanyika mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli.

Kwa wasioijua Tanga, Ngamiani ni ile sehemu ya mji yenye mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, na barabara zake zinaitwa kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unapita ya ishirini. Nyumba ya Bibi iko kwenye mojawapo. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa. Baraza mbele, mlango katikati, korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu ua wenye jiko, choo na mwarobaini mmoja. Kuta ni za miti na udongo uliojazwa vipande vya mawe, na juu yake lipu ya chokaa. Babu, aliyekuwa karani wa reli, aliijenga miaka ya 50 ikiwa ya makuti, mabati yakaja baadaye. Hakuna mtalii atakayesimama kuipiga picha. Kitu pekee ambacho mtu angekitazama mara mbili ni mlango: mvule, mabawa mawili, na mchongo mdogo wa maua juu. Nao ulikuwa umezikwa chini ya rangi ya mafuta mpaka maua yakawa kama uji uliomwagika.

Sasa niseme ukweli, maana ni rahisi kumfanya mjomba kuwa jambazi wa hadithi hii. Si mtu mbaya. Ndiye anayelipa dawa za presha za Bibi kila mwezi. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, na bila hiyo nisingeifika Mlimani, wala msingekuwa mnasoma hapa. Hoja zake zilikuwa na uzito: nyumba inavuja, wapangaji wa mwisho wamehama, haiingizi hata shilingi, na mwezi wa tano Bibi alijikwaa kwenye ufa wa sakafu ya korido akaumia nyonga. Fremu nne zingelipa dawa na kubakiza. Mimi nilikuwa na nini cha kujibu? Kumbukumbu za likizo? Kumbukumbu hazinunui dawa.

Lakini kuna jambo lililonikera. Nilikuwa mwanafunzi wakati sehemu ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar ilipoporomoka, Desemba 25, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la mwaka 1883, ndani ya Mji Mkongwe ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Siku ile tulijaa mitandaoni tukilia kuhusu urithi wetu. Mimi nililia sana, kwa aya ndefu. Na miaka yote hiyo nyumba ya Bibi wangu mwenyewe ilikuwa inavuja, nami nikifika huko Sikukuu ninasogeza ndoo chini ya tone, ninakula pilau, ninarudi mjini.

Basi nikaomba likizo. Nilikuwa na shilingi laki nne nilizoweka kununua kompyuta, maana hii ninayotumia kibonye cha herufi R hakishiki mpaka ukigonge kama unaua mbu. Nikazichukua zote. Nikapanda basi pale Mbezi, Chalinze, Segera, Muheza (machungwa lazima), na saa kumi jioni nikawa nabisha hodi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunichukua, au umekuja kunizika?"

Nikamwambia nimekuja kukarabati. Akanitazama mikono, akacheka mpaka akakaa chini. "Na vidole hivyo vya kalamu!"

Hakukosea. Siku ya kwanza tu nilifanya kosa ambalo nadhani nusu ya Watanzania wenye nyumba za zamani wanalifanya. Ukuta wa korido ulikuwa umebanduka lipu upande mmoja, udongo unaonekana. Nikanunua saruji mfuko mmoja, nikachanganya na mchanga, nikaziba. Nikalainisha kwa mwiko, nikajipongeza, nikapiga picha. Asubuhi ya tatu nikagonga kwa kidole, likalia kama debe tupu. Nikasukuma kidogo, kipande chote kikaja mkononi, na udongo wa nyuma yake ukafuata. Shimo likawa kubwa kuliko nililolikuta.

Jirani wa Bibi ni mzee aliyekuwa fundi mwashi, sasa anakaa barazani na tasbihi yake. Alikuwa ananitazama siku zote mbili bila kusema neno. Nilipomwendea na kile kipande akanijibu taratibu, "Mjukuu, unajua ule msemo wa usipoziba ufa?"

Nikasema naujua, utajenga ukuta.

"Basi ukiuziba kwa kitu ambacho si chake, ukuta utaujenga vilevile."

Akanieleza, na hapa wasomaji wangu wenye nyumba za wazazi mikoani naomba msome polepole. Ukuta wa udongo unapumua. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha unautoa. Tena unacheza kidogo, unavimba na kusinyaa. Lipu ya chokaa ni laini, inacheza nao, na inaruhusu unyevu utoke. Saruji ni ngumu, haichezi, na inaufungia unyevu ndani. Matokeo yake udongo ulio nyuma unalowa na kuoza, mchwa wanashukuru, na siku moja koti lote la saruji linaanguka. Watu wanasema nyumba ya udongo ni mbovu. Mara nyingi kilichoiua ni dawa iliyokusudiwa kuiponya.

Kuanzia hapo nikawa kibarua wa yule mzee. Yeye kwenye kiti chini ya mwarobaini, mimi kwenye jua. Hakukubali hata niguse ukuta kwanza. "Maji," alisema. "Nyumba inauawa na maji, ya juu na ya chini. Rangi baadaye."

Tukaanza na paa. Mabati mawili yalikuwa yameoza kabisa, tukabadilisha. Mengine yalikuwa mazima, tatizo lilikuwa kwenye matundu ya misumari tu. Dawa yake ni ya bure: ndala zilizochakaa. Unakata vipande vidogo vya mpira, kila msumari unaupitisha kwenye kipande chake kabla ya kuugongelea, ukikaza mpira unaziba tundu. Nilizunguka mtaa nikiomba ndala mbovu, watoto wakaniita Babu Ndala, na jina hilo nadhani litadumu kuliko paa lenyewe. Kisha tukachimba mfereji mdogo nyuma ya nyumba ili maji ya mvua yasisimame kwenye msingi. Kazi ya jembe, siku moja, hakuna gharama isipokuwa malengelenge.

Ndipo tukaja kwenye kuta. Chokaa tuliinunua ya mifuko, ile iliyokwisha kuzimwa. Mzee akaniagiza niiloweke kwenye pipa siku mbili kwanza ili ilainike. Akanionya: chokaa inaunguza macho na ngozi, vaa glavu na miwani hata kama watoto wa mtaa watakucheka. Na ile ambayo haijazimwa usiiguse kabisa kama hujui, maana ikikutana na maji inachemka. Tukachanganya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga uliochekechwa. Halafu akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikasema Tanga. "Tanga kuna nini?" Mkonge! Akatuma mtoto alete nyuzi za mkonge, tukazikata fupi fupi urefu wa kidole, tukazichanganya humo ndani. Zinashika lipu isipasuke, kama vile nywele. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukajenga mji huu, na mimi niliyezaliwa hapa sikuwahi kujua kwamba unaweza kukaa ndani ya ukuta.

Siri nyingine ni subira. Unaulowesha ukuta kwanza, la sivyo utanyonya maji ya lipu na itapukutika. Unapiga koti jembamba, unasubiri, unapiga la pili. Unatundika magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Saruji unaitazama inakuwa jiwe siku hiyohiyo, lakini chokaa inageuka jiwe polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa. Mimi ni mtu wa gazeti, nimezoea kitu kinachoandikwa saa tisa na kufungiwa vitumbua kesho yake asubuhi. Kusubiri ukuta kulinitoa jasho kuliko jembe.

Baada ya lipu, kupaka chokaa. Uzito wa maziwa, si wa mtindi. Chumvi kiganja kimoja kwa ndoo, isaidie kushika. Makoti matatu membamba. Ukipaka la kwanza utadhani umepaka maji na utataka kulia, maana halionekani. Likikauka linageuka jeupe lenyewe. Makoti matatu yalipokamilika, korido ile iliyokuwa na giza mchana ikawa inang'aa kwa mwanga wa mlangoni peke yake. Bibi akatoka chumbani, akasimama, akaenda kuchukua sindano. Akatunga uzi pale pale kwenye korido, bila miwani, akanionyesha. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Tukaja kwenye sakafu, ile iliyomwangusha. Hapa saruji ndiyo mahali pake. Tulichimbua ufa mpaka tukapata pagumu, tukajaza, kisha tukapiga niru iliyochanganywa na ule unga mwekundu wa sakafu ambao wengi wenu mnaukumbuka kwenye nyumba za bibi zenu. Nusu ya korido kwanza, nusu nyingine baadaye, ili Bibi apate njia ya kupita. Tukaimwagia maji asubuhi na jioni ili ikomae vizuri. Desturi ni kuisugua kwa nta na kumbi la nazi mpaka unaona meno yako ndani yake. Nilitamani sana, ingekuwa picha nzuri. Lakini mtu wa miaka themanini na zaidi, mwenye nyonga mbovu, kwenye sakafu inayong'aa? Tukaiacha bila kung'arisha, imeparuza kidogo.

Na nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango: mbao ya kushikilia, kutoka chumba cha Bibi mpaka mlango wa uani, kwa ajili ya safari za usiku za msalani. Ukuta wa udongo haushiki msumari, ila ndani yake kuna miti. Unagonga gonga mpaka usikie sauti inabadilika, hapo ndipo penye nguzo, hapo ndipo unapofunga. Mbao yenyewe ilikuwa fremu ya kitanda kilichovunjika. Niliipiga randa, nikaipiga msasa, nikaipaka nta. Ni kitu kidogo kuliko vyote nilivyofanya pale. Kama mngeniuliza nibakize kimoja, ningebakiza hicho.

Mlango niliuacha mwisho kwa sababu nilikuwa nauogopa.

Kwanza onyo. Rangi nyingi za mafuta za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Kwa hiyo usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua taratibu, vaa barakoa, tandika turubai chini, kusanya takataka zote uzifunge, na fukuza watoto. Mimi niliwafukuza kila baada ya dakika kumi.

Nilianza kona ya chini ya ubawa wa kulia. Rangi ya juu ilikuwa krimu. Chini yake ikatoka bluu. Chini ya bluu, kahawia. Chini ya kahawia, kijani kibichi kabisa, kama jani la mgomba. Chini yake mti. Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwita aone.

Akaweka ungo chini. Akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akagusa.

"Hii krimu ni ya msiba wa babu yako, mwaka 2006. Wageni walikuwa wengi, tukaona aibu mlango umechakaa. Bluu ni ya harusi ya mama yako." Akasogeza kidole. "Hii ya kahawia ni ya mjomba wako. Mshahara wake wa kwanza, mwaka 1984. Nilimwambia nunua viatu. Akanunua rangi. Alisimama juu ya kiti akapaka mwenyewe, fundi hakumtaka."

"Na kijani?"

"Kijani alipaka babu yako, Desemba 1961. Mtaa mzima ulikuwa unanuka rangi mwezi ule. Mimi bibi harusi wa miaka miwili, nina mimba ya mtoto ambaye hakukaa." Akanyamaza. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Wasomaji, nimefanya kazi ya kuhoji watu miaka minne. Nimehoji wabunge, wachezaji, wauza samaki. Sikuwahi kumuuliza Bibi yangu swali lolote zaidi ya kuna nini cha kula. Sikujua habari za mtoto huyo. Mama naye, nilipompigia jioni ile, alikuwa anajua nusu tu.

Sasa nikawa na tatizo. Nilikuwa nimepanga kuondoa kila kitu mpaka mti mtupu, kama milango ninayoiona kwenye picha za hoteli. Siku nzima nilikaa na kisu mkononi nikijishauri. Mwisho nikafanya hivi: mlango wote nilikwangua mpaka kwenye mvule, maua yakatoka, na yule aliyeyachonga Mungu amrehemu, maana alikuwa na mkono. Lakini ile kona ya chini ya kulia nikaiacha, mraba wa kiasi cha kiganja, nikaikwangua kwa ngazi: krimu, bluu, kahawia, kijani, mti. Kisha nikapaka nta ya nyuki mlango mzima. Nta ilitoka Handeni. Iyeyushe ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, itoe kabisa karibu na moto ndipo utie tapentaini, la sivyo utaunguza nyumba uliyokuja kuiokoa.

Mnaopenda hesabu, hizi hapa, nilikuwa naandika kila siku kwenye daftari la kazi. Chokaa mifuko sita, 54,000. Saruji mifuko mitatu, 51,000 (mmoja ukiwa ule wa ujinga wangu). Mchanga, 40,000. Unga mwekundu wa sakafu, 24,000. Mabati mawili na misumari, 64,000. Brashi, msasa, mwiko, glavu, miwani na barakoa, 47,000. Nta na tapentaini, 18,000. Mzee fundi alikataa malipo siku zote, nikamwekea 60,000 ndani ya msahafu wake kwa siri, akajua, akanyamaza. Mkonge bure, ndala bure. Jumla 358,000. Simu nyingi mnazosomea hapa zinazidi hapo.

Siku ya kumi na mbili ikawa kikao.

Mjomba alifika na gari asubuhi, na ramani ya fremu imekunjwa kwenye bahasha. Hakuingia ndani mara moja. Alisimama mbele ya mlango, akauzunguka kwa macho, akaona ile kona. Akachuchumaa, na yeye si mtu wa kuchuchumaa, ana kitambi. Akaweka kucha kwenye ile ngazi ya kahawia.

"Hii niliipaka mimi," alisema, hakuwa akimwambia mtu.

Najua mnachotarajia sasa. Mimi pia nilikitarajia, nilikuwa nimesimama nyuma yake moyo unadunda, nikisubiri achane ile ramani. Hakuchana. Aliingia, akatembea korido yote akishika ile mbao ya ukutani, akakaa mkekani, akasema, "Mjomba, umefanya kazi nzuri, nakushukuru. Lakini dawa hazinunuliwi kwa rangi ya zamani."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa sina jibu. Siku kumi na mbili zote nilikuwa nikijibu swali la paa na swali la sakafu. Swali la dawa sikuligusa, kwa sababu si la mwiko.

Aliyelijibu ni mama. Mama huwa haongei kwenye vikao. Akauliza vyumba viwili vya mbele vina ubaya gani sasa. Dirisha likipanuliwa kidogo kuelekea barazani, kimoja kinafaa fundi cherehani, kingine mtu wa miamala ya simu. Nyumba haiguswi, Bibi anabaki, na kodi inaingia. Mjomba akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya ramani. Haikufika fremu nne, ilifika karibu theluthi yake. Dawa zinatosha, kinachobaki ni kidogo sana. Wakabishana mpaka adhuhuri. Ndipo Bibi, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema, "Mkinipeleka Dar nitakwenda. Mimi ni mzigo, mzigo haukatai gari. Ila nani atanionyesha choo usiku?" Na akatazama ile mbao.

Wakakubaliana miaka miwili. Kodi ikitosha dawa, nyumba inabaki. Isipotosha, ramani inafunguliwa tena, na hakuna wa kulalamika. Nami nikapewa kazi: kila mwaka kabla ya vuli, kupaka chokaa. Mjomba aliisema kama adhabu. Naichukua kama adhabu ya kupendeza.

Kwa hiyo sikushinda, nimeahirisha. Nikiwa ndani ya basi kurudi nilifikiri sana kuhusu hili neno haiba, ambalo watu wa majarida ya nyumba wanalipenda. Wanakuambia nunua taa fulani, nunua zulia fulani, nyumba itapata haiba. Nyumba ya Bibi ilikuwa nayo siku zote, sisi ndio tulikuwa tunaipaka krimu juu yake. Na kama ina haiba lakini haiwezi kumlisha wala kumshika anayeishi ndani, basi mjomba ana haki na fremu zake.

Wewe unayesoma, kama kuna nyumba ya mzee wako mahali, Pangani, Kilwa, Ujiji, Mikindani, popote, nina ombi moja. Usianze na rangi. Panda juu utazame misumari. Gonga kuta usikie. Mkwangue mlango kidogo pembeni, kisha mwite mwenye nyumba akuambie ni rangi ya nani. Fanya hivyo akiwa bado anaweza kuinama.

Juzi mama kanitumia picha. Fundi cherehani ameshahamia. Bibi amekaa naye barazani, anamkosoa mishono.

Kompyuta bado ni ile ile. Kama kuna mahali herufi R imeruka, nisameheni, jazeni wenyewe. Tutaonana wiki ijayo, safari hii kweli.